Usiku wa Mawazo

Wengi wetu twaujua usiku wa namna hii. Taa imezimwa, watoto wamelala, nasi tumekodoa macho gizani tukihesabu karo ya muhula ujao. Kabla jogoo hajawika tumekwisha kumwona mtoto amefukuzwa shule, ng'ombe ameuzwa, na majirani wanatucheka. Na hakuna hata moja lililotokea!

Mwaka 1979, huko Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya siku nyingi jinsi ya kutulia na kuyaangalia yaliyopo sasa. Siku hizi mafunzo hayo huchukua majuma manane. Chanzo chake ni mazoezi ya Wabudha, na baadhi yetu Wakristo twayaogopa kwa sababu hiyo. Lakini kuisikiliza pumzi si kuabudu, na pumzi yenyewe tulipewa na Mungu.

Basi tuketi kitandani, tuisikie ikiingia na kutoka. Wazo la karo likija, tusigombane nalo, wala tusilifuate. Tuseme moyoni, "Hili ni wazo la hofu," kisha tuirudie pumzi. Wazo litakuja tena, pengine mara ishirini. Nasi turudi mara ishirini. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe.

Karo hailipwi kwa pumzi, la. Asubuhi tutakwenda kuzungumza na mwalimu mkuu, ila tutakuwa tumelala kidogo. Na yule ambaye usingizi umemhama kwa majuma mengi, asione haya kumwendea daktari.