Fundi wa Kilwa na safari ya ng'ambo

Msikilizaji, kijana wa Kilwa Masoko anayetaka kuvuka bahari kutafuta ufundi hafanyi jambo geni. Magofu ya Husuni Kubwa, pale Kilwa Kisiwani, yanashuhudia kuwa ujuzi ulisafiri kwa vyombo vya matanga tangu karne ya 14. Swali ni moja: anaondoka na nini mkononi? Mkono mtupu haulambwi.

Kwa mfano, nchini Ujerumani mwanagenzi hulipwa posho huku akijifunza kazini na darasani, kwa miaka 2 hadi 3 na nusu. Lakini mlango huo hufunguliwa na mkataba wa mwajiri na lugha ya Kijerumani, si ahadi ya dalali. Anayedai fedha kabla ya kuonyesha mkataba, mwepukeni.

Msingi ujengwe nyumbani: cheti cha ufundi stadi cha VETA Lindi, Kijerumani cha Goethe-Institut Dar es Salaam, na ushauri wa TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira.

Na kazi hata nyumbani ipo: gesi ya Songo Songo, hapa wilayani Kilwa, inazalishwa tangu 2004, na mitambo yataka mafundi. Wazazi, tuwaandae vijana wetu waende salama, na wakirudi wakute kazi inawangoja.