Mkwaruzo wa gari yetu: tuufunike mbele ya mvua

Maneno tuliyotoa katika mkutano wa wanachama, Bukavu



Katika mkutano uliopita mama mmoja aliuliza: gari ni chuma, mtoto ni mtoto, kwa nini pesa ya mutualite iende kwa rangi? Swali lake ni la haki. Lakini gari ile njo inapeleka wagonjwa wetu Panzi usiku, na mchana inafanya taksi, inaleta franga ya kusomesha watoto wa wale waliorudi mikono mitupu. Mkwaruzo wenye pikipiki ilituachia Kadutu umefika kwa chuma. Hapa kwetu mvua inaanza mwezi wa tisa, inafika mwezi wa tano. Kutu inaingia chini ya rangi, inatembea pole pole kama mchwa, na siku utaiona, mlango unataka kukatwa. Ile njo gharama. Bei garaji moja ilituomba kwa kupiga rangi mlango mzima ingelipa masomo ya watoto wawili.

Kwanza pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Kama haukwami, ni vernisi tu imeguswa. Dawa ya kung'arisha na kitambaa laini vinatosha. Kama unakwama, itabidi rangi. Na ukiona chuma, usingoje.

Rangi inanunuliwa kwa namba, si kwa macho, maana nyeupe ziko nyingi! Kwa Toyota kama hii yetu, tafuta kibati kwenye nguzo ya mlango wa dereva ao chini ya kapo, pahali pameandikwa C/TR. 202 ni nyeusi. Yetu ni 040, nyeupe isiyo na chembe za kumetameta, na hapo tuna bahati. Mwenye gari ya rangi ya fedha aipeleke kwa fundi, wala asione haya: zile chembe hazilali sawasawa chini ya brashi.

Osha kwa sabuni, kausha, pangusa mafuta yote. Sugua kutu kwa msasa laini, ndani ya mkwaruzo tu. Tumeona vijana wakisugua mlango mzima kama sufuria ya ugali. Paka rangi ya chini yenye kuzuia kutu, ikauke. Halafu rangi yenyewe, kwa brashi ndogo ya mchoraji, nyembamba, mara mbili ao tatu, kila mara ukingoja. Wengi wanaharibu hapa kwa haraka: wanapaka nene mara moja, rangi inatiririka kama machozi. Fanya kazi kivulini, siku kavu, mbali na vumbi la barabara. Hewa ikiwa na unyevu, vernisi inaweza kushika ukungu mweupe.

Ukisimama karibu utaona alama, hatudanganyi. Tunafungia maji mlango, hatutafuti urembo. Wafadhili wasishangae basi kuona katika ripoti risiti ya kichupa cha rangi, msasa na brashi.

Vijana wawili waliorudi kutoka Burundi wanaijua kazi hii. Watatuonyesha Jumamosi, saa mbili ya asubuhi, katika uwanja wa ofisi. Mje na nguo za kazi. Wenye pikipiki zenye tanki iliyokwaruzika wazilete pia, ila tanki tutaizungumzia pembeni, maana petroli ikimwagika inaweza kuyeyusha rangi hii ya kichupa.