Bumu, Kosiweki na Sapu

Msikilizaji, leo tunazungumza na mwaka wa kwanza, hasa waliochaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Tuanze na bumu. Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo haiji kila mwezi kama mshahara. Huingia kwa mkupuo wa miezi kama miwili. Ndiyo maana wiki ya kwanza foleni iko kwenye chipsi kuku, na wiki ya saba watu wanachangia sahani moja ya wali maharage. Igawe siku ileile inapoingia. Na ni mkopo huo: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa hadi deni liishe.

Darasani, alama 40 ni za kosiweki, yaani majaribio na kazi za muhula, 60 za mtihani wa mwisho wa muhula. Wengi huzidharau zile 40, hukosa jaribio kwa usingizi tu. Ukifeli unarudia mtihani, yaani sapu, na hata uupasue vipi, daraja lako halivuki C. Tena sapu hufanyika likizoni, wakati wenzako wako kwao na nauli ya kutoka Bukoba hujui utaitoa wapi. Na tukirudi kwenye bumu, ukikwama kwenye mkopo, dawati la mikopo liko hapohapo chuoni.