Ramani Gani Itiwe Katika Chombo Chetu



Chombo cha GPS cha mkononi hujua mahali kilipo kwa setilaiti, hata kikiwa hakina ramani. Lakini nambari tupu hazimwonyeshi mtu njia, basi ramani lazima, nazo ziko namna mbili.

Ya kwanza ni ya picha. Yapendeza, mabati yote yaonekana. Bali ukiikuza huwa ukungu, hujaza nafasi, wala huwezi kuiuliza jina la kichochoro. Ya pili ni ya mistari: kila njia na kila karakana huwekwa peke yake, na jina lake.

Sisi twachagua ya pili, kwa kuwa twaweza kuisahihisha. Mei 2020 nyumba nyingi zilibomolewa hapa Kariobangi karibu na mitambo ya maji taka. Mtu aliyebomolewa huulizwa, ulikaa wapi? Atajibu nini ikiwa kichochoro chake hakikuandikwa popote?

Vijana wa Kibera, mwaka 2009, walitembea na vyombo kama hivi, wakauandika mtaa wao katika OpenStreetMap. Ramani hiyo ni bure, na hugeuzwa kuwa faili ambazo vyombo vya Garmin husoma.

Njia tutakazopita tuzihifadhi kwa GPX, maana programu nyingi huisoma. Muuzaji akisema faili zake husomwa na chombo chake tu, mrudishieni mali yake.

Jumamosi twaanzia Light Industries. Njooni na betri za akiba.