Mashine Inajuaje?

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu)



Nilipokwenda likizo nyumbani Chunya, ambako dhahabu ya Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920, nilimkuta mpwa wangu akipitisha mashine ya kutafutia dhahabu juu ya ardhi. Alikwisha acha shule. Mashine ikalia. Akaniuliza, "Mjomba, inajuaje?" Mimi niliyefika Chuo Kikuu sikuwa na jibu. Saketi za mtetemo nilizichora katika mtihani nikapata alama, lakini nilikuwa nimekariri tu. Leo nalipa deni hilo.

Watazameni kina mama wawili wakitwanga kinu kimoja. Mchi wa huyu ukipanda, wa yule hushuka. Ndivyo zilivyo transista mbili katika saketi ya mtetemo huru. Moja ikipitisha umeme, huifunga nyenzake. Wakati huo kapasita hujaa polepole kupitia rezista. Ikifikia kiasi chake, ile iliyofungwa hufunguka na kuifunga ya kwanza. Huendelea hivyo bila kuguswa mpaka betri iishe. Wafaransa Abraham na Bloch waliieleza saketi hii mwaka 1919, wakitumia vali.

Mwendo twauchagua wenyewe. Rezista za omu 10,000 na kapasita za mikrofaradi 100 hukipa kila kipande sekunde 0.7, taa itawaka na kuzimika kama indiketa ya gari. Punguza kapasita mara 1,000, weka spika, utasikia mlio wa mapigo kama 700 kwa sekunde.

Katika mashine ya dhahabu ya aina ya zamani imo mitetemo miwili ya haraka zaidi, inayopangwa na koili na kapasita. Mmoja haubadiliki. Wa pili hutegemea koili ya chini. Metali ikikaribia, mtetemo huo hubadilika, na tofauti ya miwili hiyo ndiyo sauti tuisikiayo. Kwa hiyo mashine haijui dhahabu. Hata msumari huiliza.

Nilimweleza mpwa wangu hayo kwa barua. Alijibu kwa swali moja: anaweza kurudi darasani?

Vijana, msiikariri saketi hii. Iungeni kwa mikono yenu. Nimeleta vipuri vya kuunga saketi ishirini. Wenzangu, ongezeni.