Ukumbi wa Mtaa na Bili Zake



Mtaa unapobomolewa na kujengwa upya, macho ya wengi huelekea kwenye nyumba. Ndivyo ilivyokuwa Magomeni Kota, Dar es Salaam, ambako maghorofa yaliyozinduliwa Machi 2022 yalijengwa kwa ajili ya kaya 644. Leo naomba tuzungumzie jengo ambalo aghalabu huja mwisho katika michoro: ukumbi wa jamii. Humo ndimo mtakamofanyia vikao, harusi, kliniki za watoto na mikutano ya vikundi vya kuweka na kukopa. Jengo hilo ni lenu nyote, na kwa sababu hiyo hiyo bili zake huelekea kuwa si za mtu yeyote. Ukumbi uliokatiwa maji na umeme haukawii kugeuzwa stoo.

Gharama ya kuuendesha huamuliwa mapema, tangu mchoro ungali mezani. Mkioneshwa mchoro huo, ulizeni kwanza jengo limeelekea wapi. Mji wetu uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta; jua la asubuhi na la alasiri hupiga kuta za mashariki na magharibi. Kuta ndefu, basi, zitazame kaskazini na kusini, na madirisha yakabiliane ili kaskazi na kusi zipenye na kutoka. Paa litokeze vya kutosha kuvifunika vivuli vya kuta, na chini ya mabati pawe na dari yenye matundu ya kutolea joto. Wazee waliojenga pwani hii waliyajua hayo bila kompyuta.

Sasa tupige hesabu. Feni nane za wati 75, zikiwashwa saa sita kwa siku kwa siku 26, hutumia uniti zipatazo 94 kwa mwezi. Viyoyozi vinne vya wati 2,000 kila kimoja, vikifanya kazi mfululizo kwa muda huo huo, hufikia uniti 1,248. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi, feni zitawagharimu takribani shilingi 27,000 na viyoyozi zaidi ya shilingi 364,000. Bei zaweza kubadilika. Tofauti ya uniti haibadiliki. Wala msidhani ukumbi utaingia katika kundi la shilingi 100 kwa uniti, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi: hilo ni la wateja wa majumbani wenye matumizi madogo.

Umeme wa jua unafaa sana kwa taa na pampu. Lakini betri huchakaa, na wafadhili wanaozitoa mara ya kwanza ni nadra kurudi kuzibadilisha. Tengeni fedha zake tangu mwezi wa kwanza.

Kuhusu maji, milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 300 likipata milimita 1,000 kwa mwaka, lita 300,000 huliangukia, ingawa sehemu yake hupotea. Hata hivyo kikomo chenu ni tangi, si mawingu. Watu 60 kwa siku, kila mmoja akivuta choo cha lita sita mara moja, watamaliza simtanki la lita 10,000 katika siku zipatazo 28. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ni kirefu kuliko hapo. Kwa hiyo bomba la mamlaka ya maji lazima libaki, na ya mvua yatumike vyooni, kwenye usafi na bustani. Maji ya mvua ya kwanza baada ya ukame yamwageni, kwa kuwa yameosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Siku ya kukabidhiwa funguo, kabla ya hotuba na picha, nendeni kwenye mita. Ya maji isomeni pamoja na mkandarasi, muandike tarakimu zake na kila upande utie saini. Ya LUKU, ombeni uthibitisho kwamba haina deni, kwani deni la mita hukatwa kwa anayenunua umeme, hata kama si yeye aliyeutumia. Hakikisheni pia akaunti zote mbili zimeandikishwa kwa jina la kamati yenu, na ukumbi una mita zake peke yake, zisizochanganywa na taa za ngazi wala pampu ya maghorofa.