Je, Duka la Bei Rahisi ni Rahisi Kweli?

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi

 

Sisi ni wale mliotuteua kwenda kutazama bei. Wageni wetu hawajui habari hii, kwa hiyo tueleze kidogo. Kwa mikutano mitatu mfululizo kikundi chetu kimekuwa na mabishano. Upande mmoja unasema tumechoka kununua sukari na sabuni hapa kijijini kwa bei ya kuumia, tuchange fedha, tushuke Songea kwenye maduka ya jumla ambako bei ni ya kutupa. Wengine wameambiwa na watoto wao walioko Dar es Salaam kwamba kuna supamaketi zinazopunguza bei mpaka mtu anashangaa. Upande wa pili unasema, aa, hayo ni maneno tu, jina ni kubwa kuliko duka. Mkatuambia: nendeni mkaone, mje mtuambie siku ya sherehe. Basi tumekuja.

Kabla ya Songea, tuanze na wazee wetu, maana hili jambo si geni. Walio na umri wanakumbuka mwaka 1976, Operesheni Maduka. Ilisemwa wenye maduka ya binafsi vijijini wananyonya wananchi, wafunge, na kijiji kiwe na duka lake la ushirika. Bidhaa zije kutoka RTC, yaani kampuni ya biashara ya mkoa, na bei ipangwe na Tume ya Bei ya Taifa iliyoundwa mwaka 1973. Hakuna duka lililokuwa na bei nzuri kama lile! Bei imeandikwa, halali, ya mwananchi. Lakini waulizeni bibi zetu walikuta nini kwenye rafu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi haikuwa na fedha za kigeni, viwanda vikakosa malighafi, sabuni ikawa ya kupangiwa foleni, na nguo ikawa ya bahati. Bidhaa yenyewe ukitaka kuiona ilikuwa kwa mlanguzi, gizani, kwa bei yake yeye. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 ulitisha watu wengi, lakini rafu hazikujaa. Zilianza kujaa baada ya 1984, serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za nje waingize bidhaa.

Tumelitaja hili kwa sababu moja. Bei rahisi ya kitu ambacho hakipo si bei. Hata juzi, Januari 2024, sukari ilipoadimika, ilitangazwa bei elekezi, na mitaani watu wakalipa zaidi ya ile iliyotangazwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kule bei ni kiasi fulani, muulize kwanza: kipo?

Sasa, hizi supamaketi za bei ya chini zinafanyaje hata zishushe bei? Hapa tulitafuta kujua, na tukakuta habari iliyotufurahisha. Zile za Ujerumani zinazoitwa Aldi, ambazo leo ziko nchi nyingi, chanzo chake ni mama. Mwaka 1913, katika mji wa Essen, mtaa wa wafanyakazi na wachimbaji wa makaa ya mawe, mama mmoja aitwaye Anna Albrecht alifungua kiduka kidogo. Makaa ya mawe, mnasikia? Kama hapa kwetu Ngaka. Wanawe wawili, Karl na Theo, walilichukua duka baada ya vita kuu ya pili, na ilipofika 1962 wakalipa jina hilo la Aldi na kuuza kwa mtindo wa bei ya chini.

Mtindo wenyewe hauna uchawi. Bidhaa ni za aina chache. Hazipangwi kwa urembo, zinabaki kwenye maboksi yake, mnunuzi anachomoa mwenyewe. Wauzaji ni wachache. Mwanzoni hawakuuza vitu vibichi vinavyooza, maana kilichooza lazima mtu akilipie, na anayelipa ni yule anayenunua kilichobaki. Na lilikuwa duka la fedha mkononi, halina daftari la mkopo. Basi. Bei inashuka kwa sababu kazi imepungua na hasara imepungua.

Akina mama, sisi tulipofika kwenye maduka ya jumla ya Songea tuliona kitu hichohicho bila taa nyingi. Mifuko imelala chini, maboksi hayajafunguliwa, mwenye duka hakufungii robo, hakukopeshi, wala hakuulizi habari za nyumbani. Unatoa fedha, unabeba, unaondoka. Kwa hiyo swali la kwanza tunalijibu wazi: ndiyo, bei ni rahisi kweli. Walioleta habari hawakudanganya.

Lakini rahisi kwa nani? Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu na karatasi na kalamu.

Tutatumia hesabu ya mfano, msije mkatushika kesho kwa sababu bei imebadilika. Tuseme hapa kijijini kilo ya sukari ni shilingi 3,200. Songea, ukichukua mfuko mzima wa kilo 50, kila kilo inakuja 2,800. Tofauti ni 400. Mtu akisikia 400 anafunga kitenge anakimbilia gari. Subiri kwanza. Pikipiki mpaka Kitai, gari mpaka Songea, na kurudi, tuseme 16,000. Kubebesha na kusafirisha mfuko mmoja, tuseme 3,000. Ukienda peke yako ukanunua kilo tano, umeokoa 2,000 na umetumia 16,000 ya nauli, bado hujanywa chai, na siku nzima imekwenda na shamba limekaa. Ukinunua mfuko mzima umeokoa 20,000, toa 19,000, umebaki na 1,000. Shilingi elfu moja kwa kutwa nzima juani! Hivi kweli hiyo ndiyo bei ya kutupa?

Sasa tuseme tuko wanachama ishirini na watano, tunamtuma mmoja, ananunua mifuko minne. Kilo 200. Ameokoa 80,000, nauli 16,000, mizigo 12,000. Inabaki 52,000, kila mmoja kama elfu mbili hivi. Si utajiri, lakini ipo, na ni daftari mbili za mtoto.

Halafu kuna mwenzetu mmoja ambaye hesabu hii haijamfikia bado, naye ndiye tunayetaka mumsikilize zaidi. Ni yule anayenunua robo. Robo hiyo, kwa mfano wetu, anauziwa 900. Mara nne ni 3,600. Yaani yeye mwenye fedha kidogo kuliko sisi wote ndiye anayenunua sukari ghali kuliko sisi wote. Hivyohivyo mafuta ya kupima na sabuni ya kipande. Hatumlaumu mwenye duka, maana kufunga vimfuko ni kazi na chumvi hulowa, lakini ndivyo ilivyo. Huyu mama akipata kilo zake nane kwa bei ya Songea, hata ukitoa sehemu yake ya nauli na mzigo, anaokoa zaidi ya elfu tano. Ndiye anayefaidika kuliko wote. Na ndiye asiyeweza, kwa sababu kilo nane zinataka 22,400 siku moja, na siku hiyo yeye ana elfu moja mfukoni.

Kwa hiyo sifa ya duka la bei rahisi ni ya kweli kwa mtu mwenye fedha taslimu, chombo cha kuhifadhia na njia ya kusafirisha. Asiye navyo anapita mlangoni anasoma bei tu. Wala si kwetu peke yetu, hata huko kwenye supamaketi kubwa bei nzuri iko kwenye pakiti kubwa.

Kuna jambo jingine, la vipimo. Tulishika chupa mbili za mafuta, urefu karibu sawa, moja bei imepungua. Kutazama maandishi madogo, moja ni lita 1, nyingine mililita 900. Mche wa sabuni nao, bei inabaki ileile, mche unakonda. Na hapa akina mama wa Mbinga na Nyasa hatuhitaji mwalimu, kwa sababu sisi tunapunjwa tukinunua na tunapunjwa tukiuza. Mnunuzi wa mahindi anakuja na bei nzuri ya gunia, kumbe gunia lenyewe ni lumbesa, lina kichwa kilichofumwa kwa kamba. Sheria ya vipimo inakataza, Wakala wa Vipimo wanasema kila mwaka, na bado kichwa kinafumwa. Bei kwa gunia bila mizani ni hadithi.

Tuseme pia kidogo juu ya yale maduka makubwa yenyewe, kwa sababu vijana wetu wanayasifu. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka Tanzania mwaka 2014, maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga hapa Oktoba 2015. Nakumatt yenyewe ikaanguka, na Januari 2020 wadai wake kule Kenya wakapiga kura ifilisiwe. Waliolia zaidi ni waliowapelekea bidhaa, wengine hawakulipwa. Na yapo yasiyoanguka ambayo bei yake ya chini inatoka mfukoni mwa mwenye kuleta mali. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Kenya iliamua kwamba wanaoendesha Carrefour nchini humo walimbana msambazaji mdogo wa maziwa ya mtindi, wakimdai punguzo juu ya punguzo, bidhaa za bure, na watumishi wake waje kufanya kazi dukani. Wakakata rufaa, wakashindwa mwaka 2021. Sisi ni wanunuzi wa sukari, sawa, lakini pia ni wauzaji wa maharage, kahawa na usipa. Bei inaposhuka tuna haki ya kuuliza imeshukia kwa nani.

Na hapa kijijini itashukia kwa nani? Tuseme wazi, kwa kuwa lilinong'onwa mikutanoni bila kutajwa. Wenye maduka ni jirani zetu, na wawili ni wanachama wenzetu wamekaa hapa. Mtoto akiugua usiku, anayefungua mlango akakupa sabuni na mkate kwa kuandika ni yeye, si duka la Songea. Daftari lake lina bei, tunajua, lakini lina pia uvumilivu wa mpaka mavuno. Tukinunua kila kitu Songea, siku akifunga tutamlilia.

Basi shauri letu ni hili. Tumelichukua kutoka kwa wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliokuwa maskini kama sisi. Watu 28 walijiwekea akiba, wakafungua duka tarehe 21 Desemba 1844, wakaanza na unga, siagi, sukari na vitu vichache. Hawakuuza kwa bei ya kutupa. Waliuza kwa bei ya kawaida, kipimo kamili, mali safi isiyochanganywa, kwa fedha taslimu, na ziada iliyopatikana wakagawana kila mtu kwa kadiri alivyonunua.

Tunapendekeza tununue pamoja Songea vitu vitatu tu: sukari, sabuni ya mche na mafuta ya kula. Chumvi, kiberiti, mkate, na vitu vya siku hadi siku tubaki kwa wenye maduka wetu. Usipa na unga tusiguse kabisa, tunao wenyewe. Tuuziane kwa bei ya kilo ya kijijini, si chini yake, na robo iwe robo ya kilo kweli: kwa mfano wetu 800, si 900. Ziada isigawanywe papo hapo ikaishia kwenye maandazi, bali iandikwe kwenye kitabu cha kila mmoja kwa kadiri alivyonunua, na itoke siku ya mgao. Asiye na fedha ya kuanzia akopeshwe kutoka mfuko wa jamii, bila riba, arudishe kidogo kidogo kwa mikutano minne. Wapo watakaosema mfuko wa jamii ni wa msiba na ugonjwa. Sisi tunaona kulipa sukari ghali kuliko mwenye ng'ombe ni ugonjwa pia, lakini kura ni yenu.

Kura itapigwa mkutano wa wiki ijayo, kwa kunyoosha mikono. Ikipita, safari ya kwanza itakuwa baada ya fedha za maharage. Mweka hazina ataonyesha mizani ya kikundi mbele ya wote kabla ya kugawa, na kila atakayetaka mafuta aje na dumu lake limeoshwa na kukauka.